Uzi: Viazi vya kikaangoni na majani ya kunukia, chapuchapu, bila kudumbukiza kwenye mafuta

#1 KikaangoCheusi

Wakuu, habari za jioni.

Naona kwetu kiazi kina njia mbili tu: ama kimedumbukizwa kwenye mafuta kikawa chipsi, ama kimepelekwa kwenye mchuzi wa nyama kikapondeka. Katikati hapo kuna kitu kizuri ambacho wengi tunakiruka. Viazi vinakatwakatwa, vinaivia kwenye kikaango kimoja kwa mafuta ya vijiko vitatu tu, vinatoka na ukoko nje na ulaini ndani, halafu unavimwagia fungu zima la majani ya kunukia. Vinasindikiza samaki, kuku wa kuchoma, mayai, hata maharage ya jana. Ukishamenya, ni kama dakika 20 hadi 25.

Kwa watu watatu: viazi mviringo nusu kilo na ushee, mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula, maji nusu kikombe, chumvi, punje tatu za kitunguu saumu, ndimu nusu na giligilani fungu zima. Nasema fungu zima na namaanisha. Watu wanachukua vijani vinne wanavisimika juu kama bendera, wanapiga picha, basi. Hapa giligilani ni nusu ya chakula.

Kata vipande vya sentimita 2 hivi, vilingane. Visipolingana, vidogo vitaungua huku vikubwa vinagoma kuiva. Suuza mara moja yale maji meupe yatoke. Huo ni wanga, ukibaki vipande vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na vinaganda kwenye kikaango.

Panga vipande kwenye kikaango kipana, visipandane. Tia maji, mafuta yote na chumvi, funika, moto wa kati. Dakika nane hadi kumi. Hapo viazi vinaiva kwa mvuke, na wewe unakatakata majani yako. Maji yakiisha utasikia sauti inabadilika, kutoka kutokota kwenda kwenye ile "chaaa" ya mafuta. Choma kipande kwa kisu: kama kinaingia bila ubishi, ondoa kifuniko na usikirudishe tena.

Kuanzia hapo, usikoroge. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Acha upande wa chini dakika nne tano bila kuugusa. Uso wa kiazi ukiwa bado una maji, joto lake haliwezi kupita nyuzi 100, wakati ile rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa vinahitaji kama nyuzi 140 kwenda juu. Kila ukikoroga kabla hapajakauka unavipoza na kuvivunja. Tena kiazi chenyewe kinakwambia: kilichokauka kinaachia kikaango kwa hiari, kilichong'ang'ania hakijawa tayari. Geuza kwa mwiko bapa, acha dakika tatu nne nyingine, geuza mara ya mwisho.

Sasa majani. Mashina ya giligilani na majani yake usiyachanganye. Mashina yana ladha nzito na yanavumilia moto, hivyo yakate madogomadogo yaingie pamoja na kitunguu saumu dakika ya mwisho, moto ukiwa umeshushwa. Saumu ikiingia mapema inaungua, na uchungu wake hauondoki hata ukamulie ndimu kilo. Zima moto. Ndipo majani yote yaingie, kamulia ndimu, geuza mara mbili, pakua. Harufu ya giligilani ni mafuta mepesi yanayopaa na mvuke. Ukiyapika dakika tano, jiko litanukia na sahani haitanukia.

Karibuni kwa maswali na ubishi.

#2 BachelaWaGheto

Naweka kambi hapa. Swali la kwanza: mimi nina sufuria moja jembamba na jiko la mkaa. Kikaango sina. Niendelee au nisubiri nioe?

#3 KikaangoCheusi

Usioe kwa ajili ya kikaango mkuu, ni gharama.

Tatizo la sufuria jembamba ni kwamba linashika moto sehemu moja: katikati pameungua, pembeni pabichi. Subiri mkaa ushike wote, utandaze, kisha funga mlango wa jiko usibakize hewa nyingi. Zungusha sufuria robo duara kila baada ya dakika mbili. Na pika kiasi kidogo, viazi vinne tu, ili vitandike chini safu moja. Vikirundikana vinatoa mvuke vikapikana, na hapo utakuwa na viazi vya kuchemsha vyenye mafuta.

#4 MamaPacha

Bachela, mwombe jirani kikaango cha chapati. Ndicho ninachotumia mimi. Chuma kizito, bapa, kikishapata moto hakipoi ovyo ukitia viazi. Kifuniko chukua cha sufuria ya ugali.

Ila mleta uzi, hapo kwenye mvuke mimi na wewe tunaachana njia. Mimi nachemsha kwanza, namwaga maji, naacha viazi kwenye sufuria wazi vikauke na joto lao wenyewe, kisha ndiyo kikaangoni. Ni vyombo viwili vya kuosha, nakubali. Lakini ukoko wangu na wako haufanani hata kidogo, kwa sababu kwenye maji ya kuchemshia natia magadi kidogo.

#5 BachelaWaGheto

Magadi yale ya maharage??

#6 MamaPacha

Hayo hayo mwanangu. Robo ya kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, usizidishe, yakizidi utasikia ladha ya sabuni. Magadi yanalainisha kile kinachoshikilia chembe za kiazi pamoja, kwa hiyo uso wa nje unalegea haraka na kuwa unga unga. Ukishamwaga maji, tikisa sufuria mara mbili tatu mpaka kingo zivurugike. Ule unga uliochakaa ndio unaokunywa mafuta na kugeuka ukoko. Kama kwako magadi hakuna, baking poda usitumie, ile ina tindikali ndani yake haifanyi kazi hii.

Na ukitaka kinyume chake, yaani vipande vibaki na kona zake safi kwa ajili ya saladi, tia siki kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Siki inavifanya vigome kupondeka hata ukisahau dakika mbili tatu.

#7 KikaangoCheusi

Mama Pacha, ya magadi nimenyoosha mikono, ukoko wa hivyo kwa njia yangu haupatikani. Lakini uzi unasema chapuchapu. Siku ya kazi ni njia ya mvuke, Jumapili, magadi.

#8 MkulimaWaMakete

Wadau mnabishana kikaango kabla ya kujua kiazi. Mnunuzi wa mjini anauliza bei tu.

Sisi huku tukitaka kiazi kikomae vizuri tunakata majani ya juu, tunakiacha ardhini kama wiki mbili ngozi ishike ndipo tunavuna. Mwenye haraka ya pesa hasubiri. Ukifika gengeni, sugua kiazi kwa kidole gumba. Ngozi ikitoka kirahisi, kile ni kichanga: kina maji mengi na wanga kidogo. Kuchemsha kinapendeza sana, kukaanga kitakuchelewesha na kitatoka na mabakamabaka.

Halafu kuna kiazi cha unga na kiazi kigumu. Cha unga kinatoa ukoko mzuri na ndani kinakuwa laini kabisa, ila kinavunjika ukikigeuza kwa pupa. Kigumu kinatunza umbo. Hamjui mmenunua kipi kwa sababu vikifika sokoni vimeshachanganywa kwenye lumbesa moja. Njia ya kupima ipo: kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, koroga iyeyuke, tumbukiza. Cha unga kinazama, kigumu kinaelea.

#9 BachelaWaGheto

Kikombe kizima cha chumvi kupimia kiazi. Mkulima wewe una hela.

#10 MkulimaWaMakete

Haya, basi kata kiazi kwa kisu uangalie kisu. Kikibaki na utomvu mweupe mzito unaoshika, hicho kwa kawaida kina wanga wa kutosha. Si kipimo cha maabara lakini ni cha bure.

Nyongeza muhimu kuliko yote. Kiazi chenye kijani, hasa wale wanaovianika juani siku nzima gengeni, kina solanini. Hiyo ni sumu, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Kijani kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina. Kijani kimeenea, au kina uchungu mdomoni, tupa, usimhurumie muuzaji. Macho yaliyochipua nayo yachokoe yote.

#11 LimuruBaridi

Salamu kutoka Kenya. Kwetu karibu kila gunia ni Shangi, ndiyo aina ya kiazi iliyojaa sokoni. Faida yake inaiva haraka sana, hasara yake inaiva haraka sana. Ukiichemsha kama anavyosema Mama Pacha, geuza macho kidogo tu ushapata viazi vya kuponda. Kwa Shangi mimi niko na mleta uzi: mvuke, maji kidogo, na vipande vikubwa kidogo kuliko vyake. Na usinunue za mwezi mzima, Shangi haikawii kuchipua.

Sasa dania (giligilani yenu) ni sawa, lakini hamjataja rosmeri na Nairobi nzima imepandwa rosmeri kama ua wa nyumba! Hiyo haisubiri mwisho. Vijiti viwili viingie kwenye mafuta mapema, mara tu maji yakiisha, vikaangike na viazi, kisha uvitoe kabla ya kupakua. Majani yake ni magumu, ukiyatia mabichi mwishoni utatafuna sindano.

#12 KikaangoCheusi

Hapo umesema la maana na nililiacha. Kanuni ni hii: jani gumu (rosmeri, taimu) linaingia mapema kwenye mafuta, jani laini (giligilani, nanaa, majani ya kitunguu, pasili) linaingia moto ukiwa umezimwa. Ukishika hiyo huhitaji resipe.

Ila rosmeri ya kwenye ua wa barabarani... ina vumbi, moshi wa magari, na hujui bwana bustani amepuliza dawa gani jana. Panda ya kwako kwenye kopo. Inapenda jua na haitaki maji mengi.

#13 BiMkubwaWaNgambo

Wanangu hamjambo. Mie nimesoma yote, mmesema vizuri, ila chakula chenu kimepoa. Mbatata (viazi vyenu) bila bizari?

Sie huku hivi. Mafuta ya moto, au samli ukiwa nayo. Samli ndiyo inayofaa zaidi maana haiungui upesi, yale maziwa yake yameshatolewa. Ukitumia siagi, tia mwisho kabisa kwa ladha tu. Kwenye samli ya moto tia bizari nyembamba nzima kijiko kimoja cha chai, iache ipasuke na kunukia, si zaidi ya nusu dakika, isiwe nyeusi. Tia manjano ncha ya kijiko. Ndipo mbatata zako zilizokwisha kuiva kwa mvuke ziingie, zikauke kama alivyosema huyu kijana. Pilipili mbuzi moja nzima, isikatwe, itoe harufu tu. Mwisho kotmiri, ndiyo hiyo giligilani yenu, na ndimu.

Na kama una nazi, usitie kotmiri juu. Isage na nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, chumvi na ndimu, upate chatini. Weka pembeni ya sahani pamoja na changu wa kukaanga. Mtu akila hivyo hataulizia wali.

#14 BachelaWaGheto

Shikamoo Bi Mkubwa. Na mrehani je? Hapa nyumbani mama mwenye nyumba ameupanda mlangoni.

#15 BiMkubwaWaNgambo

Marahaba mwanangu. Mrehani huo wa kwetu tunautia kwenye kikuba na asumini, avae bibi harusi. Harufu yake kali. Ukitaka kujaribu, majani matatu manne tu uyachane kwa mkono, tena uweke na tungule (nyanya). Ukitia kama kotmiri utadhani umekula kikuba. Na umwombe mama mwenye nyumba kwanza.

#16 ShemejiWaHamburg

Nilikuwa nasoma kimyakimya lakini mmenigusa. Huku Ujerumani chakula hiki kina heshima yake, wanaita Bratkartoffeln, na wao wanavichemsha viazi na maganda yake *jana yake*. Vinalala kwenye friji, kesho vinamenywa, vinakatwa vipande bapa, vinakaangwa na kitunguu maji, wengi wanatia na vipande vya nguruwe wa kukaushwa, juu pasili au majani ya kitunguu. Sababu ni kwamba wanga ulioiva ukipoa unajipanga upya na kukaza, kwa hiyo vipande havivunjiki na havinywi mafuta sana.

Na huku mfuko wa viazi dukani umeandikwa kabisa aina yake: festkochend ni vigumu, mehligkochend ni vya unga. Mkulima wa Makete angefurahi.

Mimi nyumbani nafanya ya Bi Mkubwa kwa viazi vya Mjerumani. Giligilani napata kwa Waturuki.

#17 LimuruBaridi

Ngoja, friji? Si husemwa viazi visiwekwe kwenye friji?

#18 MkulimaWaMakete

Vibichi visiwekwe. Kwenye baridi kali wanga wa kiazi kibichi unageuka sukari, na sukari hiyo ukikaanga inaungua: nje cheusi na kichungu, ndani bado. Ukiona chipsi za mtu ni nyeusi na mafuta yake masafi, mara nyingi viazi ndivyo vimelala baridini. Vibichi vitunze gizani, penye hewa, kwenye gunia au kikapu, si mfuko wa plastiki. Na visikae pamoja na vitunguu.

Vilivyokwisha kuchemshwa ni habari nyingine, hivyo vinaruhusiwa friji siku mbili tatu.

#19 MamaPacha

Hiyo ya kulala friji nitaichukua. Nachemsha vingi Jumapili, Jumatatu jioni ni dakika kumi tu kikaangoni. Mleta uzi, chapuchapu yako imeshindwa na Mjerumani.

#20 KikaangoCheusi

Nimeona. Lakini Mjerumani alianza jana, mimi nimeanza nilipofika nyumbani.

#21 Mgeni_Jikoni

Naomba kuuliza, giligilani yangu kila siku ina mchanga hata nikiosha, inakwaruza meno. Na nikiiweka kwenye viazi ule ukoko unalainika. Nakosea wapi?

#22 KikaangoCheusi

Kuna mambo mawili hapo dada/kaka.

Mchanga: usioshe chini ya bomba na usimwage beseni. Jaza beseni maji, zamisha fungu zima, lisukesuke, liache dakika moja mchanga utuame, kisha *nyanyua* majani uyatoe juu. Ukimwaga beseni pamoja na majani, mchanga uliotuama unarudi juu yake. Rudia mpaka chini pawe safi.

Ukoko kulainika: majani yana maji. Yakung'ute, yatandaze kwenye kitambaa safi, yafinyefinye mpaka yakauke kabla ya kukata. Na kisu kiwe kikali. Kisu butu kinayaponda, yanatoa majimaji na kubadilika rangi. Hata ndimu, kamulia mezani ukitaka ukoko udumu. Na ukishatoa motoni usifunike sahani, mvuke wake wenyewe utamaliza kazi yako yote.

Litakalobaki kwenye fungu, simamisha mashina kwenye glasi ya maji, vika mfuko juu, weka friji. Badili maji kila siku mbili.

#23 BachelaWaGheto

Kwa hiyo ile habari ya kuvunja mayai mawili juu...

#24 MamaPacha

Hiyo ni chipsi mayai, fungua uzi wako.

#25 Mgeni_Jikoni

Asante sana. La mwisho: Jumamosi nina wageni kama kumi na watano, nyama choma. Nizidishe tu vipimo kwenye kikaango kikubwa?

#26 KikaangoCheusi

Hapana, hapo utajuta. Kilo tatu kwenye kikaango kimoja ni mrundikano, hakuna kitakachokauka. Kama una oveni, chemsha kwa njia ya Mama Pacha na magadi yake, tandaza kwenye trei mbili safu moja, mafuta ya kutosha, nyuzi 220, dakika 40 hadi 50, geuza mara moja katikati. Kama huna oveni, kaanga kwa mafungu, kila fungu likitoka litandaze kwenye sinia, usilirundike kwenye bakuli. Wageni wakishakaa, rudisha yote kikaangoni kwa zamu dakika mbili mbili yapate moto.

Saumu na mashina vikaange pembeni kwenye mafuta kidogo, umwagie mara moja vyote. Majani usiyaguse mpaka nyama imekatwa.

#27 BiMkubwaWaNgambo

Na kwa watu kumi na tano afanye mafungu manne ya kotmiri, asifanye ubahili. Na chatini aitie pilipili kidogo, bakuli la pili aweke kali, kila mtu ajichagulie.